Shamba Moja, Watoto Wanane: Jinsi Wakulima wa Makoloni ya Marekani Walivyorithisha Mali

Ndugu msomaji, yako maneno matatu ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyatofautisha kabla hatujaanza safari yetu. Mirathi ni mali aiachayo marehemu. Mrithi ni yule anayeipokea. Wosia ni maagizo ayatoayo mtu angali hai kuhusu mambo yatakayofanyika baada ya kufa kwake. Yashike maneno hayo, maana tutayatumia tangu mwanzo hadi mwisho.

Leo nakualika tuvuke bahari ya Atlantiki, turudi katika karne ya 17 na ya 18, tukawatazame wakulima wa makoloni 13 ya Kiingereza ambayo baadaye yaliungana kuwa Marekani. Swali lililowakabili lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu. Mkulima ana shamba moja na watoto saba au wanane. Akiligawa sawasawa, kila mtoto atapata kipande kisichoweza kumlisha. Akimpa mmoja, wengine watatoka mikono mitupu ingawa wote wamelilima. Ng'ombe huzaa na fedha huzunguka, lakini shamba ni lile lile. Kila jibu walilolipata lilikuwa na gharama yake. Kwa hiyo tutakapoitazama mirathi yao tutauliza mambo mawili kila mara: nani alipewa, na nani alilipa?

Ardhi ilikotoka

Tuanzie katika mji wa Andover, koloni la Massachusetts, ulioanza kukaliwa na Waingereza katika miaka ya 1640. Mwaka 1646 Cutshamache, mkuu wa wenyeji asilia wa eneo hilo, alikiri mbele ya baraza kuu la koloni kwamba ameiuza ardhi ya mji huo kwa pauni 6 na koti moja. Watu wake walikuwa wamepunguzwa mno na maradhi yaliyoletwa na wageni, na nguvu ya kujadiliana bei haikuwa mikononi mwao.

Wageni waliigawa ardhi hiyo kwa awamu. Kufikia miaka ya 1660, hata mtu aliyepewa kiwanja kidogo kabisa cha nyumba pale mwanzoni alikuwa amejipatia zaidi ya ekari 100 za mashamba, malisho na misitu. Huko kwao Uingereza, mkulima wa kawaida asingethubutu hata kuiota mali kama hiyo. Mlipaji wa kwanza wa mirathi ya Andover, basi, tumekwisha kumwona kabla hata wosia wa kwanza haujaandikwa.

Mtu akifa bila wosia

Kwa sheria ya Uingereza ya zama hizo, mtu akifa bila kuacha wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwanawe wa kiume wa kwanza. Nia yake ilikuwa kuzilinda koo kubwa: shamba lisikatwekatwe, na jina la ukoo lisishuke hadhi. Virginia, Maryland, New York na makoloni mengine kadhaa yaliifuata sheria hiyo.

Massachusetts ilichukua njia nyingine. Mwaka 1641 koloni hilo liliandika orodha ya haki za watu wake, na humo likaweka kanuni kwamba mtu akifa bila wosia, mwana wa kwanza atapata mafungu mawili na wenzake watapata moja moja. Kanuni hiyo waliitoa katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Kama marehemu hakuacha mwana wa kiume, mabinti wangerithi kwa pamoja. Sheria ya mwaka 1692 ikaongeza ufafanuzi: mjane apewe thuluthi ya mali inayohamishika iwe yake kabisa, na thuluthi ya ardhi aitumie maadamu yu hai, kinachobaki kigawanywe kwa watoto.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua mkulima wa kubuni aliyekufa bila wosia, akaacha ekari 90, mjane, wana watatu na mabinti wawili. Mjane atatumia ekari 30. Zimebaki 60. Mafungu ni sita: mawili ya mwana wa kwanza na manne ya wadogo zake. Kila fungu ni ekari 10, hivyo mkubwa atapata 20 na kila mdogo 10. Mama akifariki, zile 30 zitagawanywa vivyo hivyo: 10 kwa mkubwa, 5 kwa kila mdogo. Mwishowe mkubwa atakuwa na ekari 30 na wadogo 15 kila mmoja. Mwaka mmoja kabla ya kifo cha baba lilikuwako shamba moja lililowatosha watu saba. Sasa vimebaki vipande vitano vilivyo vidogo kila kimoja.

Kwa nini basi hawakumpa mmoja tu? Biblia ilikuwa sababu mojawapo, na jasho lilikuwa sababu nyingine. Katika nchi yenye ardhi nyingi na vibarua wachache, waliofyeka msitu, kung'oa visiki na kupanga kuta za mawe walikuwa watoto wa mwenye shamba. Mwana aliyemlimia baba yake miaka kumi bila mshahara alikuwa na deni la kudai, na kijiji kizima kililijua deni hilo.

Mkono wa baba

Ili asiiachie sheria igawe kwa kanuni zake, mkulima mwenye busara aliandika wosia. Wengi waliuandika wakiwa tayari kitandani, wagonjwa. Nyaraka hizo hufuata mpangilio mmoja: kwanza mwenye kuusia huikabidhi roho yake kwa Mungu na mwili wake kwa mchanga, kisha hugeukia mashamba, ng'ombe na vyombo, na mwisho mashahidi huweka sahihi au alama zao. Akishazikwa, majirani walioteuliwa walipita nyumbani kwake chumba kwa chumba, wakaandika thamani ya kila kitu, kuanzia fahali mpaka kijiko. Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari ya wakulima wale yamehifadhiwa kwa maelfu, na ndiyo yanayotuwezesha leo kuingia katika nyumba zao.

Hata hivyo nguvu ya mirathi haikungoja kifo. Mwanahistoria Philip Greven, aliyechunguza vizazi vinne vya Andover katika kitabu chake cha mwaka 1970, alikuta jambo la kushangaza. Wana wengi wa waanzilishi wa mji walijenga nyumba na kuzaa watoto juu ya ardhi ya baba yao, lakini hati ya ardhi hiyo waliipata baba alipofariki. Walikuwa watu wazima, wenye familia, wanaolima mashamba ambayo kisheria si yao. Hata kuoa walichelewa, kwa wastani wakiwa na umri wa karibu miaka 27, kwa kuwa kijana asiye na shamba hakuwa na cha kumlishia mke, na shamba lilikuwa mkononi mwa mzee.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mzee huyo. Zama zile hakukuwa na pensheni wala akiba ya benki kwa mkulima. Mkono mtupu haulambwi, na baba alifahamu kwamba akiitoa hati leo, kesho anaweza kuwa mgeni nyumbani mwake. Ndiyo maana hata baba aliyekubali kumpa mwanawe hati angali hai mara nyingi aliiwekea masharti: kila mwaka mwana alete kiasi fulani cha nafaka, kuni na nyama kwa wazazi wake. Heshima ya mtoto ilikuwapo, lakini baba aliona ni salama zaidi kuiandika.

Fungu la mjane

Sasa mtazame mama. Kwa sheria ya Kiingereza, mwanamke akiolewa, fedha na mifugo aliyokuja nayo ilikuwa ya mumewe, na ardhi yake iliendeshwa na mumewe. Mume akifa, sheria ilimhakikishia thuluthi ya ardhi aitumie. Hakuweza kuiuza wala kumwachia amtakaye. Akifa, ilirudi kwa warithi wa mumewe.

Wosia nyingi za wakulima ziliifafanua haki hiyo kwa undani unaogusa moyo. Mjane atapewa chumba kimoja, upande mmoja wa nyumba. Atakuwa na ruhusa ya kupita mlangoni, kuoka mkate katika tanuri, kuteka maji kisimani na kuweka vyakula vyake katika ghala la chini. Ng'ombe wake mmoja atalishwa pamoja na wa mwanawe. Kuni zake zitakatwa na kuletwa mpaka mlangoni. Na mara nyingi mwishoni huongezwa sharti: haya yote ni yake maadamu anabaki mjane. Akiolewa tena, chumba na kisima si vyake tena.

Soma sharti hizo polepole, ndugu msomaji. Mwanamke aliyeishi katika nyumba ile miaka thelathini sasa anahitaji karatasi ya kumruhusu kuteka maji. Pengine mume aliyaandika hayo kwa mapenzi, akihofia kwamba mkwewe mpya atamnyanyasa mama mkwe. Lakini hofu hiyo yenyewe inatuonyesha jinsi msimamo wa mjane ulivyokuwa dhaifu. Sheria ya Massachusetts ya 1641 ilimpa angalau mlango mmoja: mume asipomwachia mke fungu la kutosha, mke angeweza kulalamika mbele ya baraza kuu naye akasaidiwa.

Mambo hayo hayakuwa lazima yawe hivyo. Jirani zao Waholanzi, walioitawala New York kabla ya Waingereza kuiteka mwaka 1664, walikuwa na desturi nyingine. Mume na mke waliandika wosia mmoja kwa pamoja. Atakayebaki hai angeishika mali yote, na baadaye mabinti na wana wangegawana sawa. Chini ya utawala wa Kiingereza desturi hiyo ilififia kizazi baada ya kizazi.

Binti na kaka yake

Binti wa mkulima wa Kiingereza alipewa fungu lake hasa kwa mali inayohamishika: kitanda, mashuka ya kitani, vyungu vya chuma, ng'ombe mmoja au wawili, wakati mwingine fedha. Mara nyingi alivipokea siku ya kuolewa, na vilihesabiwa ili vitolewe katika mirathi yake baadaye. Ardhi aliyopewa binti ilihofiwa kuwa ardhi ya mkwe.

Hata fungu hilo la binti liliwahi kupiganiwa hadi London. Mwaka 1717 alifariki Wait Still Winthrop, mtu wa ukoo mashuhuri uliotoa magavana wa Massachusetts na Connecticut, bila kuacha wosia. Alikuwa na mwana mmoja, John, na binti mmoja, Anne, mke wa Thomas Lechmere. Kwa sheria ya Connecticut, John angepata mafungu mawili ya ardhi na dada yake moja. John alikataa. Alidai kwamba koloni haina mamlaka ya kutunga sheria inayopingana na ile ya Uingereza, na kwa sheria ya Uingereza ardhi yote ilikuwa yake. Aliposhindwa nyumbani alikata rufaa kwenye Baraza la Mfalme, na mwaka 1728 baraza hilo likaibatilisha sheria ya Connecticut.

Fikiria mshtuko uliowapata wakulima. Kwa miongo mingi walikuwa wamegawana mashamba kwa kanuni ile, wakayauza na kuyanunua. Kama kanuni ilikuwa batili tangu mwanzo, ni kaka gani angezuiwa kumfukuza mdogo wake? Hofu hiyo ilidumu miaka mingi. Mwaka 1738 baraza hilo hilo liliikubali sheria ya Massachusetts iliyofanana na ile, na mwaka 1745 rufaa nyingine dhidi ya desturi ya Connecticut ilishindwa. Desturi ya kugawana ikasalimika. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, husema wahenga, lakini katika ugomvi huu jembe la mkoloni mzima lilikuwa hatarini.

Shamba linapokuwa dogo

Kufikia kizazi cha tatu hesabu ilianza kuwashinda. Ekari 100 na kitu za babu zilikuwa zimekatwa mara mbili. Sheria ya 1692 ilikuwa imeliona tatizo hilo mapema: kama shamba haliwezi kugawanywa bila kuharibika lote, lingeweza kukabidhiwa kwa mtoto mmoja, kwanza kabisa mwana mkubwa, naye awalipe ndugu zake thamani ya mafungu yao. Katika wosia pia, baba wengi walimwachia mwana mmoja shamba pamoja na mzigo wa madeni: ampe dada kiasi hiki, ampe mdogo kiasi kile, amtunze mama. Mrithi wa namna hiyo alionekana tajiri, kumbe alikuwa anawalipa ndugu zake kwa miaka.

Wasiopata shamba walifundishwa ufundi, ama waliondoka. Katika miaka ya 1720 watu kutoka Andover na mji jirani wa Haverhill walikwenda kaskazini kuanzisha makazi mapya mahali palipoitwa Penacook, kwa jina la wenyeji wake asilia. Leo ni mji wa Concord, New Hampshire. Hapa unaiona siri ya mfumo wote. Baba aliweza kuwatendea haki watoto wake wote kwa sababu ilikuwapo ardhi nyingine ya kwenda kuichukua. Amani ya nyumba moja ilinunuliwa kwa kuhamishwa kwa nyumba nyingine.

Watu walioandikwa kuwa mali

Kusini, mirathi ilikuwa na sura ya kutisha zaidi. Virginia ilitunga sheria mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa. Mwaka 1705 ikawahesabu watumwa kuwa mali isiyohamishika, sawa na ardhi, ili warithiwe pamoja na shamba. Augustine Washington alipofariki mwaka 1743, mwanawe George, mvulana wa miaka 11, alirithi shamba na watu kumi.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha urefu wa mkono wa sheria hiyo. Mwaka 1757 mwenye mashamba tajiri wa Virginia, Daniel Parke Custis, alifariki bila wosia. Mjane wake Martha alipata thuluthi yake ya kutumia maishani, na ndani ya thuluthi hiyo walikuwamo watumwa. Mwaka 1759 Martha aliolewa na George Washington. Washington alipokaribia kufa mwaka 1799, aliusia kwamba watumwa wake 123 waachiwe huru. Lakini watumwa wengine 153 pale Mount Vernon walikuwa wa lile fungu la mjane. Yeye hakuwa na uwezo wa kuwaachia, wala Martha hakuwa nao, kwa kuwa walisubiriwa na warithi wa Custis. Wengi wao walikuwa wamefunga ndoa na wale 123. Martha alipofariki mwaka 1802, waligawanywa kwa wajukuu wake wanne. Mume akaachwa huru, mke na watoto wakapelekwa kwingine. Miaka 45 baada ya mtu mmoja kufa bila kuandika karatasi, familia zilikuwa bado zinaigharimia mirathi yake.

Sheria mpya

Makoloni yalipojitangazia uhuru, sheria za mirathi zilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuguswa. Mwaka 1776 Thomas Jefferson aliishawishi Virginia ifute utaratibu wa kufunga ardhi ndani ya ukoo kwa vizazi bila ruhusa ya kuuza. Mwaka 1785 jimbo hilo likapitisha sheria ya kufuta haki ya mwana wa kwanza kuchukua ardhi yote. New York na Maryland zilifuata mwaka 1786, na South Carolina mwaka 1791. Massachusetts nayo ililiondoa fungu la pili la mwana mkubwa mwaka 1789. Sheria ya mwaka 1787 ya kutawala maeneo mapya ya kaskazini magharibi iliagiza kwamba mali ya asiyeacha wosia igawanywe sawa kwa watoto.

Waliotunga sheria hizo walielewa kwamba jamhuri haiwezi kusimama juu ya familia zenye mfalme mdogo ndani yake. Lakini mke aliyeolewa aliendelea kukosa mali yake mwenyewe kwa miongo mingi zaidi. New York, kwa mfano, ilibadilisha sheria hiyo mwaka 1848. Mtumwa alingoja mpaka 1865.

Mirathi na sisi

Usidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Sheria ya Kiingereza iliyosafiri hadi Virginia ndiyo iliyosafiri baadaye hadi Afrika Mashariki. Sheria ya Urithi ya Kenya ya mwaka 1972, kama ilivyotungwa, ilimpa mjane aliyeachiwa watoto haki ya kuitumia mali iliyobaki maishani mwake, lakini haki hiyo ilikoma akiolewa tena. Linganisha na wosia wa mkulima wa Andover: maadamu anabaki mjane. Maneno yamevuka bahari mbili na karne tatu, na bado unayatambua.

Kwa hiyo, mwanafunzi mpendwa, siku utakapokaa katika kikao cha ukoo na kusikia mirathi ikisomwa, sikiliza majina ya waliopewa, kisha utafute majina ambayo hayakusomwa. Umuulize mzee wako angali hai nia yake ni ipi, na umsaidie kuiandika kwa lugha iliyo wazi, mbele ya mashahidi. Na ukifika kwenye sehemu ya mama, angalia kama ameandikiwa nyumba, au ameandikiwa ruhusa ya kuteka maji kisimani.